Mto Usio na Wenyewe

Kamusi zetu hutafsiri majira ya Septemba hadi Novemba ya nchi za kaskazini kwa neno "vuli". Nilipokuwa sekondari niliiona tafsiri hiyo kuwa ya uvivu. Vuli yetu ni mvua. Vuli yao, kwa jinsi nilivyoisoma vitabuni, ni majani mekundu yanayopukutika na watu wanaotafuta makoti. Kisha nikaenda kusoma Oregon, magharibi ya Marekani, nikagundua kwamba kwenye pwani ile neno hilo ni sahihi kuliko alivyojua aliyelichagua. Kiangazi chao ni kikavu. Mito ya pwani hupungua hadi mawe yanatokeza mgongo. Mwezi wa kumi mvua zinaanza, mito inajaa, na samaki waliokuwa wakisubiri katika ghuba wanapanda kwenda kuzaa. Vuli inawafungulia mlango.

Samaki hao ni samoni. Wakubwa zaidi ni wa aina ya Chinook, na wadogo kidogo ni coho. Huzaliwa kwenye mito, hushuka baharini, hukaa huko miaka kadhaa, kisha hurudi kuzaa na kufa. Kuwavua wakati huo wa kurudi, katika ghuba na mito ya pwani, ni shughuli yenye fasihi yake nzima kwa Kiingereza. Hapa nataka kuzungumzia riwaya moja ya fasihi hiyo, The River Why ya David James Duncan, iliyotoka mwaka 1983. Niliipenda sana niliposoma mara ya kwanza. Nimeisoma tena mwaka huu, na bado naipenda, ila sasa nina ugomvi nayo.

Nilipewa na jirani yangu, mzee mstaafu mwenye mashua ndogo. Jumamosi moja ya Oktoba alinichukua hadi Ghuba ya Tillamook, ambako mito mitano inaingia: Tillamook, Trask, Wilson, Kilchis na Miami. Alitaka kunieleza habari za maji kujaa na kupwa, nikamwambia nimezaliwa Tanga, bamvua na maji mafu havihitaji mwalimu. Akacheka. Yaliyobaki nilihitaji kufundishwa. Tulirambaza, yaani tulikokota mishipi nyuma ya mashua polepole, chambo kikiwa samaki mdogo wa heringi aliyefungwa kwa namna ya kuzunguka majini kama aliyejeruhiwa. Hatukuwa peke yetu. Mashua zilikuwa nyingi, zimefuatana kama daladala za asubuhi, kila nahodha akimwangalia mwenzake kuona nani ufito wake umepinda.

Saa tano hivi wa mzee ulipinda. Alikuwa coho, anang'aa kama sahani ya bati. Mzee alimsogeza ubavuni mwa mashua bila kumtoa majini, akatazama mgongoni karibu na mkia. Pale huwa na pezi dogo la nyama. Samaki wa kufugwa, wanaoanguliwa kwenye vituo na kuachiwa mtoni wakiwa wadogo, hukatwa pezi hilo kuwa alama. Huyu alikuwa nalo zima, kwa hiyo alikuwa wa mwituni, na sheria ya siku ile ilitaka aachiwe. Mzee akachomoa ndoano, samaki akazama. Sikupata kitu siku hiyo. Njiani nilimuuliza swali la kijinga: samaki huyu anakula nini akiwa anapanda mto? Akajibu, hali kitu. Akishaingia maji baridi anaacha kula, anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo kutoka baharini. Nikauliza, sasa kwa nini anauma chambo? Mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema ana kitabu cha kuniazima.

Kitabu chenyewe kinamhusu kijana aitwaye Gus Orviston, aliyezaliwa katika nyumba iliyogawanyika kwa uvuvi. Baba yake ni mwandishi mashuhuri wa uvuvi wa kistaarabu, ule wa chambo bandia cha manyoya, na anawadharau wanaotumia minyoo. Mama yake anavua kwa minyoo na hana haya. Katika nyumba hiyo kitabu cha Izaak Walton kuhusu uvuvi, kilichochapwa Uingereza mwaka 1653, kinasomwa na kubishaniwa kama msahafu. Gus anavua kuliko wote wawili. Akimaliza shule anahamia kibanda kwenye mto wa pwani ya Oregon na kujiwekea ratiba ambayo karibu saa zote za siku ni za kuvua. Anapata alichokitaka, na kinamfanya mgonjwa wa upweke. Siku moja anamkuta mvuvi aliyezama, na tangu hapo swali lililo katika jina la kitabu linamkalia kooni: kwa nini?

Sehemu ya kwanza inachekesha kweli. Duncan anajua kwamba mtu yeyote anayechukulia mchezo wake kwa uzito uliopita kiasi ni kichekesho, na anajua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ni mmoja wao. Ugomvi wa baba na mama kuhusu manyoya na minyoo ni ugomvi wa tabaka uliovaa buti za mpira. Baba anarithi lugha ya mabwana wa Uingereza, mama anarithi njaa ya watu waliovua ili wale. Ningependa riwaya ingekaa hapo muda mrefu zaidi, maana ndipo inapokuwa na akili kuliko inavyojidai.

Katikati inalegea. Anatokea mwanafalsafa mwenye mbwa aitwaye Descartes, na kurasa zinajaa mazungumzo kuhusu Mungu, nafsi na utafutaji. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilizipigia mistari kurasa hizo. Sasa nikizisoma nasikia mtu aliyepanda mimbari. Tatizo si mada. Tatizo ni kwamba kitabu kinatuambia Gus anabadilika kabla hakijatuonyesha, na vitu vya mtoni, ambavyo Duncan anavijua kuliko kitu kingine chochote, vinaachwa visubiri nje.

Halafu unakuja usiku wa Chinook, na nakuhakikishia ni sehemu inayostahili bei ya kitabu kizima. Mwanamke ambaye Gus anampenda ananasa Chinook kwa mshipi mwembamba mno, usiofaa kabisa kwa samaki wa ukubwa ule. Anamkabidhi Gus ufito na kuondoka. Gus hawezi kumvuta samaki. Akivuta, mshipi utakatika. Anachoweza ni kumfuata tu. Anamfuata akipanda mto usiku kucha, gizani, juu ya mawe, ndani ya maji baridi, akiweka mkazo mdogo sana kwenye mshipi, kiasi cha kujua samaki yupo. Mwisho anamkaribia hadi kumgusa, na samaki hatoki mtoni. Baadaye Gus anahisi kwamba aliyenaswa ni yeye.

Kwa nini sehemu hii inafaulu pale mahubiri yaliposhindwa? Kwa sababu kila wazo ndani yake ni kitu cha kushikika. Mshipi mwembamba unamnyima mvuvi nguvu, na mvuvi aliyenyimwa nguvu analazimika kumsoma samaki: lini anapumzika, lini anasogea, wapi maji yanampa nafuu. Duncan hahitaji kutuambia kwamba kupenda si kumiliki. Ametupa uzi mwembamba, kiumbe kizito upande wa pili, na usiku mrefu. Zaidi ya hayo, samaki yule hali. Hakuuma kwa njaa. Wavuvi wana maelezo kadhaa, kwamba ni hasira, kwamba ni mazoea ya baharini, kwamba analinda nafasi yake, na hakuna linalowaridhisha wote. Riwaya inaiacha fumbo hilo bila kulifumbua, na ni uamuzi wa mwandishi mzuri. "Kwa nini" ya Gus inakutana na "kwa nini" ya samaki, na hakuna anayejibiwa.

Sasa nije kwenye ugomvi.

Mto wa Gus unaitwa Tamanawis. Hautauona kwenye ramani, kwa sababu Duncan ameubuni. Jina limetokana na neno la Chinuk Wawa, lugha ya biashara iliyotumika pwani ile kati ya mataifa ya wenyeji wa asili na wageni waliokuja kununua ngozi za wanyama. Maneno yake yalichotwa kwa Wachinook wenyewe, kwa majirani zao, kwa Wafaransa na kwa Waingereza. Kiswahili si lugha ya aina hiyo, lakini sisi tunaotumia lugha iliyosafirishwa na biashara ya pwani tunajua jambo moja: neno likipita sokoni linabaki na harufu ya waliolishika. Tamanawis inahusu nguvu za kiroho, zile anazopewa mtu na ulimwengu usioonekana. Duncan amechukua neno, akachukua na roho iliyomo, akaviweka kwenye mto ambao hauna wenyewe.

Na mito ya pwani ile ina wenyewe. Mwaka 1855 wawakilishi wa serikali ya Marekani waliandikiana mkataba na mataifa ya pwani ya Oregon. Seneti haikuuidhinisha kamwe. Watu walihamishiwa hifadhi ya Siletz hata hivyo, na hifadhi hiyo nayo ikamegwa baadaye. Mwaka 1954 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuacha kuyatambua mataifa ya magharibi ya Oregon, kana kwamba watu wanaweza kufutwa kwa kura. Wasiletz walipigania kutambuliwa tena, wakafanikiwa mwaka 1977. Lakini mwaka 1980 ulifuata mwafaka uliobana haki zao za kuwinda na kuvua. Miaka mitatu baadaye inatoka riwaya kuhusu kijana anayevua kadiri atakavyo kwenye mto wa pwani hiyohiyo, na swali linalomtesa ni maana ya maisha.

Kaskazini kidogo, katika jimbo la Washington, samoni walikuwa wamefika mahakamani. Billy Frank Jr., wa taifa la Nisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka kumi na minne, kwa kosa la kuvua mtoni kwao. Alikamatwa zaidi ya mara hamsini katika maisha yake. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba ya miaka ya 1850 iliwahifadhia mataifa hayo haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Wavuvi wengine walighadhibika. Mvuvi yeyote wa samoni wa pwani ile, mwenye masikio, alizisikia habari hizo kabla ya 1983.

Rafiki yangu niliyemsimulia hoja hii alinipinga vizuri. Riwaya si hati ya mahakama, alisema. Ukimtaka kila mwandishi aorodheshe dhuluma zote za mahali anapoandikia, hutapata riwaya, utapata ripoti ya tume. Nakubali. Na si kwamba wenyeji wa asili wamesahaulika kabisa kitabuni. Wamo, ila pembeni, zaidi kama watu wenye hekima kuliko watu wenye madai. Simlaumu Duncan kwa kuacha jambo fulani. Ninachosema ni kwamba kuubuni mto kumemrahisishia kazi mahali ambapo kazi ilipaswa kuwa ngumu. Mto wa kubuni hauna kesi. Hauna jirani anayeuliza, "Wewe nani amekuruhusu?" Kwenye mto kama huo, "kwa nini" inaweza kubaki swali la nafsi. Kwenye mto Siletz lingekuwa pia swali la nani anavua na nani anakamatwa. Kitabu chenye ujasiri wa kumfuata samaki usiku kucha kingeweza kulibeba swali hilo la pili.

Hata upweke wa Gus una kasoro ileile. Nikikumbuka Tillamook, nakumbuka umati: mashua, vitambulisho vya kuandikia samaki aliyepatikana, mzee akitafuta pezi la mgongoni kabla ya kufurahi. Uvuvi wa samoni wa vuli ni shughuli ya watu wengi mahali pembamba, chini ya sheria zinazobadilika kila mwaka kulingana na idadi ya samaki. Yule coho aliyeachiwa alikuwa na historia nzima kwenye pezi moja. Vituo vya kuangulia, mabwawa na hofu ya kuwamaliza wa mwituni vyote vilikuwa pale. Duncan anatetea mito kwa moyo wote, hilo halina shaka, lakini mvuvi wake anapofikia ukweli anaufikia akiwa peke yake, na kila aliyemzunguka anageuka kuwa msaada wa safari yake.

Kuna kitabu kingine nilichokisoma ili kupata kipimo: Return to the River cha Roderick Haig-Brown, cha mwaka 1941. Haig-Brown alizaliwa Uingereza mwaka 1908, akahamia British Columbia, akawa hakimu katika mji wa Campbell River, na akaandika vitabu vya uvuvi ambavyo hadi leo ni vigumu kuvishinda. Humu mhusika mkuu ni samaki mwenyewe, Chinook aitwaye Spring, na tunamfuata tangu yai hadi kifo, akishuka na kupanda mto Columbia wakati ule ambapo mabwawa makubwa yanaanza kuufunga. Bwawa la Bonneville lilikamilika mwaka 1938. Haig-Brown hamfanyi samaki awaze kama mtu. Anatuambia anachokabili: joto la maji, nguvu ya mkondo, adui, ukuta wa zege. Kitabu ni kikavu kuliko cha Duncan, na hakikunichekesha hata mara moja. Lakini ndani yake mto una wahandisi, wavuvi wa kuuza, wanasayansi na siasa, na samaki anapita katikati yao wote.

Nikijaribu kichwani kuvitafsiri vitabu hivi viwili niligundua jambo dogo. Kwa Kiingereza, samaki kwa kawaida ni kitu, na mwandishi akitaka awe zaidi ya kitu lazima afanye juhudi. Haig-Brown alilazimika kumpa jina. Kwa Kiswahili hatuhitaji juhudi hiyo. Samaki ameingia, samaki amechoka, samaki amekufa: sarufi inampa viambishi vilevile inavyompa jirani yangu. Usiku wa Chinook ukiutafsiri, Gus na samaki wanakuwa "a-" wote wawili, anamfuata, anamsubiri, anamkwepa, na msomaji inabidi akae macho ajue ni nani anayefanya nini. Nadhani Duncan angeufurahia mkanganyiko huo. Ndio aliokuwa akiutafuta kwa kurasa nyingi za falsafa.

Nina sababu nyingine ya kugombana na fasihi hii. Wanafunzi wa Kiafrika tuliokuwa kule tuliulizwa kila siku, na wa nyumbani na wa huko, "Utarudi lini?" Na kwa kuwa tulikuwa Oregon, hapakosekani mtu wa kutukumbusha samoni, samaki anayekijua kwao kwa harufu ya maji na kurudi hata akiwa baharini mbali. Ni kweli kwamba harufu inamwongoza. Watafiti wameionyesha tangu miaka ya 1950. Ila mfano wenyewe, ukiuangalia, ni wa kutisha. Samoni harudi kuishi. Anarudi kuzaa na kufa, na mzoga wake unalisha mto na miti ya kando. Tena si wote wanaorudi. Wachache hupotea na kuingia mito mingine, na hao waliopotea ndio wanaoanzisha ukoo mahali papya.

Mwaka 2024 mabwawa manne ya mto Klamath, unaotoka Oregon na kumwaga maji baharini California, yalikamilika kubomolewa baada ya miongo ya madai ya mataifa ya mto ule, Wayurok na wengineo. Septemba 2002 makumi ya maelfu ya samoni walikuwa wamekufa sehemu ya chini ya mto huo. Katikati ya Oktoba 2024, wiki chache tu baada ya kuta kuondoka, Chinook wa vuli walionekana kwenye kijito cha Oregon juu ya mahali palipokuwa na mabwawa. Hawakuwa wameonekana katika sehemu hiyo ya mto tangu 1912. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa kule. Hakuna aliyekuwa na harufu ya kijito kile kumbukumbuni. Mlango ulifunguliwa na watu waliokwenda mikutanoni na mahakamani kwa miaka mingi, na samaki wakaingia.

Riwaya ya habari hiyo bado naisubiri, na ningefurahi kama ingeandikwa na mtu mwenye ucheshi wa Duncan na subira ya Haig-Brown. Kwa sasa nakushauri uisome The River Why. Kama mahubiri ya katikati yatakuchosha, vumilia, usiku wa Chinook uko mbele. Ukimaliza, fungua ramani ya pwani ya Oregon. Tamanawis hutaiona. Shuka kwa kidole kutoka Tillamook kuelekea kusini hadi uone jina Siletz, kisha tafuta habari za watu wake, halafu urudi kwenye ukurasa ambapo Gus anasimama majini peke yake, uuangalie upya.

Mzee sikuwahi kumrudishia kitabu. Nilipomwandikia kumwomba radhi, alijibu kwamba mvua zimeanza, mito imepanda, na bado hajui kwa nini wanauma.